Sijaomba Kuahirisha

Mkutano ulioifunga kampasi yetu ya Kitengela ulikuwa mfupi kuliko chai iliyoletwa baada yake. Tulikuwa walimu saba, tumekaa mbali mbali, barakoa usoni, madirisha wazi, vumbi la Barabara ya Namanga likiingia litakavyo. Mkuu wa kitivo, ambaye ni mchungaji na mtu wa maneno machache, alisoma barua iliyotoka makao makuu ya chuo. Programu zote za uzamili zingehamia mtandaoni kuanzia muhula uliofuata. Alipomaliza aliikunja karatasi, akauliza kama kuna mwenye swali.

Nilimwambia sina swali, niko na jibu, na jibu langu ni hapana.

Nilikuwa mratibu wa shahada ya uzamili katika masomo ya dini. Cheo hicho kinasikika kikubwa, lakini programu yenyewe ilikuwa wanafunzi tisa, meza moja ndefu, na chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako Jumamosi kutwa tulibishana kuhusu mambo ya Mungu huku chini watu wakipakia mabati. Niliianzisha kwa ubishi. Niliambiwa watu wa Kitengela na Kajiado wanataka shahada za biashara, dini wanaipata bure kanisani. Sikukubali. Baba yangu alikuja hapa kutoka upande wa Machakos kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, na nimekulia kwenye nyumba ambayo jirani wa kushoto alikuwa Mkikuyu mwenye duka, na wa kulia Mmasai mwenye ng'ombe. Jumapili tulitawanyika kila mtu na kanisa lake, na Jumatatu tulikutana kwenye foleni ya maji tukiulizana mahubiri yalisema nini. Nilijua watu wa hapa wako na maswali.

Mkuu wa kitivo aliniambia kwa upole kwamba hatupigi kura.

Sikuwa nabishana na ugonjwa. Mwezi uliotangulia tulikuwa tumemzika shangazi yangu, tukiwa watu kumi na watano tu, polisi wakiangalia saa. Nilijua kwa nini hatuwezi kukaa kwenye kile chumba. Nililokataa ni ile haraka, na kile kitu ambacho hakuna aliyekitaja. Kwa hiyo nilikitaja mimi. Nikauliza wale wasio na mtandao nyumbani watasomaje.

"Wanaruhusiwa kuahirisha masomo," alisema. "Kuna fomu."

Wote mezani tulijua anamsema nani. Wanafunzi wanane walikuwa wanaishi mahali simu inashika. Mmoja hakuwa hivyo. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mjane, mwalimu wa chekechea kutoka ndani kabisa nyuma ya mji wa Kajiado, kiongozi wa wanawake kanisani kwao. Kila Jumamosi aliondoka kwake kukiwa bado giza, akapanda pikipiki hadi Kajiado, kisha gari hadi Kitengela, na bado alifika akiwa amesoma kurasa zote nilizotoa. Wenzake waliokaa mtaa wa pili kutoka darasani mara nyingi hawakuwa wamezisoma.

Kizuizi cha polisi barabarani kilipoondolewa, niliingia kwenye gari langu nikaenda kwake. Mkuu wa kitivo alikuwa amenipa fomu yenye jina la yule mama tayari, imebaki sahihi tu. Nilijiambia naenda kumwona mwanafunzi wangu, kumjulia hali. Lakini fomu ilikuwa kwenye mkoba, na niliiweka mwenyewe.

Nililiacha gari kwenye kituo cha mafuta Kajiado nikachukua pikipiki. Nilimkuta nje ya boma lake, shuka juu ya sweta, anamwaga maji kwenye karai la kuku. "Takwenya," akanisalimia. Nikajibu, "Iko," na hapo Kimaa changu kikawa kimeisha nusu. Alicheka, akanitolea kiti, lakini mimi sikukaa. Nilitaka kulimaliza jambo kabla ya ukarimu kunishinda. Nilimweleza yote, barua, mtandao, muhula mpya. Kisha nikatoa fomu.

Aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma yote, mpaka yale maandishi madogo ya chini ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuyasoma. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Mwalimu, hapa imeandikwa mimi naomba kuahirisha. Nani ameomba?"

Nilisema ndiyo lugha ya chuo, fomu zote zimeandikwa hivyo.

"Mimi sijaomba kuahirisha," alisema. "Kama wananitoa, waandike wananitoa, waweke sahihi yao. Mimi siwezi kuwaandikia."

Akanirudishia karatasi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Mimi niliyesimama mkutanoni nikasema hapana mbele ya watu sita, nilikuwa nimeibeba ile karatasi kilomita zote hizo, nimeilinda isikunjike. Niliona haya kiasi cha kutaka kurudi kwenye pikipiki. Naye alinitazama kidogo, akasema nimetoka mbali, ninywe chai kwanza, halafu atanionyesha kitu.

Baada ya chai tulitembea karibu nusu saa hadi kwenye mwinuko uliokuwa na tanki la maji la kisima cha kuchimbwa. Wanawake walikuwa wamepanga mitungi yao, na watatu kati yao walisimama kando, kila mmoja na simu sikioni. Pale ndipo mtandao uliposhika. Aliinua simu yake anionyeshe. Akisimama wima, simu ilishika. Akichuchumaa, ilipotea.

Nilimuuliza kama ataweza kusimama saa nne mfululizo.

"Kwani kanisani nasimama ngapi?" akasema.

Jumatatu niliirudisha fomu kama ilivyokuwa. Mkuu wa kitivo aliuliza mbona haina sahihi, nikamwambia mwenye jina hajaomba. Aliiweka kwenye faili, nami nikajua nimeshahesabiwa kosa la kwanza.

La pili lilikuja upesi. Makao makuu walituma mwongozo kwamba kila mwanafunzi lazima awashe kamera muda wote wa somo, na mahudhurio yahesabiwe kwa sura. Jumamosi ya kwanza tulijaribu. Kila tulipowasha picha, mama wa Kajiado alipotea, akarudi, akapotea, na kila aliporudi tulisikia upepo na nusu ya sentensi. Mwanafunzi mwingine, wakala wa kutoa mizigo forodhani Namanga, Mwislamu aliyekuwa pia anafundisha madrasa, alikuwa amekaa kwenye uwanja wa malori na picha yake iliganda mdomo wazi. Baada ya saa moja ya kuulizana kama tunasikiana, niliwaambia wote wazime kamera. Wenye mtandao mzuri nao wazime. Kama mmoja wetu ni sauti, basi sote tutakuwa sauti.

Kwenye ripoti ya mahudhurio niliandika kwamba wote walikuwepo, nimewasikia. Mkuu wa kitivo alipiga simu siku hiyohiyo.

"Daktari, nitajuaje kama wapo?"

"Mchungaji, wewe unahubiri redioni kila Jumapili asubuhi," nikamwambia. "Unajuaje kama tupo?"

Akasema hayo ni mambo mawili tofauti, akakata simu. Niliendelea kuandika ripoti zangu hivyohivyo muhula mzima.

Nisijifanye kwamba nilishinda kila mahali. Mwanafunzi mzee kuliko wote, mchungaji mstaafu aliyekaa Kware kule Ongata Rongai, alihudhuria mara tatu kwa simu kisha akaacha. Alikuwa mtu wa kubishana kwa mikono, anayekuegemea mezani mpaka unasikia pumzi yake, na darasani nilimpenda kuliko nilivyopaswa. Nilikwenda kumwona. Alikaa nje ya nyumba yake ya kupanga, watoto wa majirani wakicheza miguuni pake, akaniambia yeye hawezi kubishana na kitu ambacho hakimtazami. Nilimwomba angalau amalize muhula. Akasema amemaliza, na akaniombea. Kwake fomu haikuhitajika. Kwa hiyo nikisikia wanaosema mtandao ulifungulia watu wote mlango, huyo mzee hunijia, kwa sababu alikuwa wangu na nilimpoteza.

Wanane waliobaki walinifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Kwenye kile chumba cha juu ya duka, wachungaji wawili wa makanisa makubwa ya Kitengela walikaa siku zote karibu na kichwa cha meza, na walizungumza kana kwamba meza ni yao. Mama wa Kajiado alikaa karibu na mlango, kwa sababu alifika wa mwisho na ilibidi aondoke mapema kuwahi usafiri. Alisema machache. Nilidhani ndivyo alivyo. Sasa meza ilikuwa imeondoka pamoja na kichwa chake na mlango wake. Niliita kila mtu kwa zamu, dakika tano, na hakuna aliyeweza kumkatiza mwenzake kwa sababu sauti mbili zikigongana hatusikii yoyote. Mwisho wa muhula mmoja wa wale wachungaji alinipigia. Alisema ilikuwa mara yake ya kwanza kumsikiliza mwanamke mpaka mwisho. Hakuwa anatania. Sikujua nimpongeze au nimwonee huruma, nikamwambia basi aendelee.

Na yule mama alizungumza. Alizungumza akiwa amesimama pale kwenye mwinuko, na baada ya majuma machache nilianza kusikia watu wengine nyuma yake. Kumbe wanawake waliokuja kuchota maji walikuwa wanabaki. Aliweka simu kwenye kipaza sauti, nao wakasikiliza, yeye akiwatafsiria kwa Kimaa mimi nikinyamaza. Walipoona anachoka kusimama walipanga mawe hadi usawa wa kiuno, wakaweka gunia juu, ili akae na bado simu ishike.

Jumamosi moja nilikuwa nafundisha kuhusu mwandishi fulani wa zamani, mgeni, aliyeandika kwamba watu wa huku hawakuwa na sala kabla ya misheni, walikuwa na woga tu. Nilisoma maneno yake nikaanza kuyaeleza, kama nilivyoyaeleza kila mwaka. Nikasikia minong'ono, kisha sauti ya bibi mmoja, ya juu na kavu. Mama wa Kajiado akasema, "Mwalimu, kuna swali hapa. Huyo aliyeandika, alikuwa amekaa kwa nani?"

Nikasema sijaelewa.

"Anauliza alikuwa mgeni wa boma gani. Alilala kwa nani, nani alimpa maziwa. Kama hakukaa kwa mtu, alisikia sala saa ngapi?"

Nimesoma vitabu vingi vya mbinu za utafiti na hakuna kilichowahi kuniuliza hivyo. Nilikiri kwamba sijui. Wakala wa Namanga, ambaye siku hiyo alikuwa anasubiri lori la vitunguu lipite forodhani, alisema basi hilo liwe swali la kwanza kwa kila kitabu tutakachosoma. Ikawa hivyo. Mpaka leo mwanafunzi wangu akileta chanzo namuuliza, huyu alikaa kwa nani.

Utafiti wa mama wa Kajiado ulitoka hapohapo. Aliandika juu ya sala za wanawake wakati wa ukame, wanavyofunga nyasi kwenye nguo zao na kwenda pamoja, wanavyoimba, na wanavyomwita Mungu kwa jina la Enkai. Moyo wa kazi yake ulikuwa neno moja, osotua. Kwenye Biblia ya Kimaa neno hilo limetumika kwa agano. Lakini kwa mama aliyezaa, osotua ni ule uzi wa kitovu unaomfunga mtoto na mama yake. Na kwa jirani ni kule kupeana unapokuwa na shida, bila kuandikiana. Yeye alishikilia kwamba wanawake wanaposali wanayasema yote matatu kwa pumzi moja, na kwamba anayelipunguza neno hilo liwe moja tu hajawasikia.

Ilipopita miaka miwili, barua nyingine ikaja. Chuo kilikuwa kimejenga jengo jipya Nairobi, lenye viti vya kuzunguka na vioo kila upande, na likahitaji watu. Programu zote za uzamili zirudi ana kwa ana, zote ziwe Nairobi. Kampasi ya Kitengela ilikuwa imekwisha kurudishwa kwa mwenye nyumba. Wakati huo nilikuwa na wanane wangu wa kwanza wakiandika tasnifu, na kundi jipya la kumi na mmoja, sita kati yao wakiishi mbali kuliko Isinya. Walikuja kwetu kwa sababu moja tu, kwamba hatukuwataka waache kazi na watoto wao.

Tulikuwa sote tena, safari hii bila barakoa, kwenye chumba chenye kapeti. Mkuu wa kitivo alisoma, akakunja karatasi. Nilipouliza kuhusu walio mbali alisema wanaruhusiwa kuahirisha. Kuna fomu. Nikasema hapana.

Watu walicheka. Hata mimi ningecheka. Mkuu wa kitivo alivua miwani.

"Daktari, wewe ndiye ulikuwa wa kwanza kukataa mtandao. Leo unakataa darasa. Hebu tusaidie, unataka nini?"

"Mchungaji, barua zote mbili zimemwacha nje mtu yuleyule," nilisema. "Zilizohama ni barua. Mimi niko palepale."

Hakuna aliyecheka tena, lakini pia hakuna aliyeniunga mkono. Mwenzangu mmoja alinishika bega tulipotoka akasema nina moyo, kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Juma lililofuata nilipokea barua ya kunishukuru kwa huduma yangu kama mratibu. Kazi alipewa kijana mwenzetu, mtu mwema, ambaye alinipigia kabla hajakubali akaniomba radhi. Nilimwambia aichukue, asije akapewa mtu mbaya. Nikamwomba jambo moja, asiifunge laini ya sauti. Hakuifunga. Kwenye ripoti zake aliandika kwamba darasa ni la mseto, na makao makuu walilipenda neno hilo, hawakuuliza lina maana gani.

Nyumbani mume wangu aliuliza kama sijachoka kugombana. Anafanya kazi ya umeme kwenye viwanda vya Athi River, na anapenda vitu vinavyowaka ukibonyeza. Nilimwambia nimechoka sana. Akauliza basi kwa nini. Nikamweleza habari ya kidole cha yule mama kwenye mstari wa kwanza wa ile fomu, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu kwa miaka miwili, na nikamweleza pia ni nani aliyeibeba. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka kuchemsha maziwa, na hakuniuliza tena.

Likabaki jambo la mwisho, utetezi wa tasnifu. Kanuni zilisema mtahiniwa lazima afike mwenyewe mbele ya jopo, na jopo lilikaa Nairobi. Wakati huo mama mzazi wa yule mama wa Kajiado alikuwa amevunjika nyonga na yeye ndiye aliyemwinua na kumlaza, hangeweza kumwacha siku mbili. Niliandika barua, ikakataliwa. Nikaandika nyingine. Kwenye ya tatu nilionyesha kwamba mtahini wa nje alikuwa profesa wa nchi nyingine ambaye angewahoji wote kupitia skrini akiwa nyumbani kwake, na hakuna aliyemwambia aahirishe. Nilionyesha pia kwamba kanuni inasema mbele ya jopo, lakini haisemi popote kwamba jopo lisiondoke Nairobi. Jopo lina gari, na barabara ya Kajiado ni ya lami.

Walikubali, nadhani kwa kuchoka. Mkuu wa kitivo mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa jopo, na alikuja. Tulipewa darasa la shule moja mjini Kajiado, asubuhi ya Alhamisi wakati wa likizo. Mratibu mpya aliunganisha mitambo, profesa akatokea ukutani, mkubwa kama dirisha. Yule mama alifika na wanawake wapatao kumi na watano, shanga zao zote shingoni, na mama yake mzazi akiwa amebebwa kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima. Kanuni zinaruhusu wasikilizaji. Nilikuwa nimezisoma mpaka maandishi madogo ya chini.

Alitetea kwa saa moja na nusu, amesimama. Nilikuwa msimamizi wake kwa hiyo sikuruhusiwa kumsaidia, na hakuhitaji. Kuelekea mwisho profesa alisema kazi ni nzuri sana, ila ana ombi. Neno osotua lilikuwa linamsumbua msomaji. Lingetafsiriwa tu, agano, kama Biblia ilivyofanya, na liendelee hivyo tasnifu nzima.

"Hapana, Profesa," alisema. "Hilo sitalitafsiri. Nimelieleza sura nzima. Anayetaka kulijua asome hiyo sura."

Profesa alisema kwa upole kwamba kazi ya msomi ni kumrahisishia msomaji.

"Wanawake hawa walinipa neno lote," akajibu. "Nikilikata, nitakuwa nimewadanganya. Na wako hapa, wananisikia."

Nilimtazama mkuu wa kitivo, naye alikuwa anatazama karatasi zake. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, kama kuna sehemu yoyote ya kanuni inayomlazimisha mtahiniwa kutafsiri neno alilolieleza. Mratibu akasema haipo. "Basi tuendelee," akasema mkuu wa kitivo. Sijui alibadilika au alikuwa tu mtu wa kanuni kama alivyokuwa siku zote. Sikumuuliza, na mpaka leo hatujaongea juu ya hilo.

Alipita, akapewa marekebisho madogo ya kufanya. Mratibu alipotangaza, wale wanawake hawakupiga makofi kwanza. Walisubiri yeye mwenyewe awaambie kwa Kimaa, ndipo wakaanza kuimba, na jopo likakaa likisikiliza, profesa naye ukutani, mpaka walipomaliza wenyewe.

Tulikwenda wote kula kwenye hoteli moja karibu na stendi, tukaunganisha meza tatu. Nyama ililetwa kwenye sinia za mbao. Mama yake mzazi aliwekwa kando yangu, na kwa muda mrefu alinitazama akitafuna taratibu. Kisha akamvuta binti yake mkono, akamnong'oneza.

"Anakuuliza," alisema mwanafunzi wangu, "hiki kitu nimepewa leo, wanaweza kurudi kukichukua?"

Nilisema hapana, hawawezi. Nikasema tena, na nikatikisa kichwa ili aone.

Yule bibi aliisikiliza tafsiri, akakubali kwa kichwa, akanisogezea ubavu ulionona kuliko zote, na tukala.